Tupeane uzoefu: Nyota moja ya kusini uliyoikuta ni mbili

Mkaa Mikindani (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Uzi huu ni wa walioko Mtwara na Lindi, pamoja na waliowahi kukaa huku.

Mwezi huu wa sita, ikifika saa tatu usiku, geuka kusini. Utauona Msalaba wa Kusini, lile kundi la nyota lenye umbo la msalaba, na kushoto kwake nyota mbili kali zinazouelekea. Ile iliyo mbali zaidi na Msalaba ndiyo Alpha Centauri, ya tatu kwa mwangaza kati ya nyota zote za usiku. Nyoosha mkono, panga ngumi nne kutoka ardhini kwenda juu, utakuwa umeifikia. Kwa macho ni moja. Kwa darubini ni mbili. Nani amewahi kuziona zikiachana? Ulikuwa wapi, na ulitumia kifaa gani?

Naanza mimi. Nina darubini ndogo, lenzi yake ina kipenyo cha milimita 60. Usiku ule umeme ulikuwa umekatika, nikaitoa uani, nikaweka ukuzaji wa mara 50. Mjomba wangu alikuwa amelala mkekani anapunga upepo. Amevua samaki tangu ujana, na nyota hiyo anaijua kuliko mimi, maana ndiyo iliyokuwa ikimwonyesha kusini akiwa baharini. Nikamwomba aje achungulie. Akainama, akakaa kimya, kisha akainuka na kuifuta lenzi kwa ncha ya kikoi. Akaangalia tena. "Si uchafu," akasema. "Wako wawili. Mdogo ana rangi ya chungwa."

Halafu akauliza swali ambalo sikulitegemea: "Huyu mdogo anatembea, au amesimama tu hapo?"

Nikamwambia zinazungukana, na mzunguko mmoja huchukua karibu miaka 80. Mjomba ana miaka 78. Akahesabu kwa vidole, akasema, "Basi tangu nizaliwe hawajamaliza hata safari moja." Hakurudi mkekani mpaka shingo ilipomuuma.

Mwalimu wa Newala

Asante kwa uzi huu, mkuu. Swali la mjomba wako limenigusa, maana jibu lake mimi nililiona kwa macho yangu, ila lilinichukua miaka.

Mwaka 2016 niliazima darubini nikawaonyesha wanafunzi wa kidato cha pili. Nilikuwa nimewaahidi nyota mbili. Mnaujua mwezi wa saba huku juu: baridi, na upepo wa kusi unatikisa kila kitu. Kila mwanafunzi aliyechungulia alisema anaona moja, tena inachezacheza kama moto wa kibatari. Binti mmoja peke yake ndiye aliyesema imerefuka kidogo, kama yai. Nililala na uchungu, kwa sababu mtoto ukimwahidi kitu halafu asikione, kesho ni kazi kumshawishi ainue kichwa tena.

Baadaye nikaja kujua kwamba mwaka ule ndio zilionekana zimekaribiana kuliko miaka yote ya karibuni. Pengo lilikuwa kama sekunde 4 za pembe. Digrii moja ina sekunde 3,600, kwa hiyo pima mwenyewe udogo wake. Hewa ikitulia, lenzi ndogo inaweza kuzitenganisha. Hewa yetu haikutulia.

Mwaka jana nikajaribu tena kwa darubini ya ukubwa uleule. Zikaachana mara moja, nafasi nyeusi katikati, ya njano upande huu na ya chungwa upande ule. Pengo limekaribia kuwa mara mbili ya lile la 2016. Nyota zenyewe zimesogea! Tumezoea kusema nyota hazibadiliki, lakini hii imebadilika ndani ya miaka ambayo wanafunzi wangu wametoka kidato cha pili wakawa watu wazima. Yule binti wa yai nilimtafuta nikamweleza kwamba aliona sawasawa.

Mkulima Tandahimba

Mimi sina darubini ya miguu mitatu. Nina ile ya macho mawili, 10x50 (inakuza mara 10, lenzi ni milimita 50), na nyota hiyo haikugawanyika hata nilipoegemeza viwiko kwenye ukuta. Msihangaike nayo kwa kazi hii, ukuzaji wa mara 10 hautoshi.

Ila uzoefu wangu ni huu. Mwisho wa mwezi wa tano tunaamka saa kumi alfajiri kwenda kupuliza salfa, dawa ya mikorosho, umande ukiwa bado majanini na upepo haujaanza. Saa hiyo Alpha Centauri iko chini kusini-magharibi, juu kidogo ya mikorosho. Nilisoma kwamba mwanga wake husafiri miaka minne na miezi kama minne kutufikia. Nikapiga hesabu nikiwa na bomba la salfa mgongoni: mwanga ule ulipoondoka kule, miche ya shamba langu la chini ilikuwa ndani ya viriba. Sasa inatoa maua. Tangu siku hiyo, kila nikiingia shambani huwa naitazama kwanza.

Dada wa Lindi Mjini

Shikamooni wakubwa. Mimi nilikosea, naeleza ili mwingine asirudie. Nilielekeza darubini, nikaona mbili, nikafurahi sana. Lakini zote zilikuwa nyeupe za kibuluu, zinakaribia kulingana. Kumbe nilikuwa kwenye Acrux, nyota ya chini kabisa ya Msalaba, ambayo nayo si moja. Hiyo iko mbali sana, zaidi ya miaka ya nuru 300, yaani mwanga wake husafiri zaidi ya miaka 300 kutufikia. Alama yenu iwe rangi: Alpha Centauri ni njano na chungwa. Hata hivyo sijutii, nilipata jozi mbili usiku mmoja.

Kijana wa Kilwa Masoko

Shikamoo mwalimu. Nimesikia ziko tatu. Ya tatu iko wapi?

Mwalimu wa Newala

Marahaba mwanangu. Ipo, inaitwa Proxima Centauri. Ni ndogo, nyekundu na hafifu mno, kwa lenzi zetu hizi usiitafute. Tena haiko ubavuni mwa hizo mbili: imejitenga umbali wa kama miezi minne mipevu ukiipanga mstari. Robert Innes ndiye aliyeigundua mwaka 1915, akiwa Johannesburg. Na hiyo hafifu ndiyo nyota iliyo karibu nasi kuliko zote ukiacha Jua, miaka ya nuru 4.24.

Kuhusu hizo mbili, wa kwanza kuandika kwamba ni jozi alikuwa padri Mfaransa, Jean Richaud, Desemba 1689, akiwa Pondicherry, India. Alikuwa akifuatilia nyota yenye mkia. Kule India inakaa chini sana, karibu na upeo. Sisi wa huku inatupandia juu kuliko ilivyompandia yeye.

Mkaa Mikindani

Mwalimu, ukishuka Mtwara tuonane. Mjomba anataka kuangalia tena, na safari hii anakuja na wenzake wawili wa baharini.

Mwalimu wa Newala

Nashuka Jumamosi. Tukutane ufukweni Shangani. Hizi ni kali, taa za mji hazizizuii.

Mkulima Tandahimba

Nami nakuja. Saa ngapi?

Mwalimu wa Newala

Saa tatu. Njoo na koti, kusi linavuma.