Mjadala: Nani afungue faili la askari mweusi wa London?

MLETA MADA

Wakuu, tukizungumzia ubaguzi wa Metropolitan Police, jeshi la polisi la London ambalo wengi wanaliita Met, huwa tunaishia kwa kijana mweusi aliyesimamishwa barabarani na kupekuliwa. Leo naomba tuingie ndani ya kituo. Askari mweusi mwenyewe, aliyevaa sare ileile na kula kiapo kilekile, wenzake na mabosi wake wanamchukuliaje?

Ripoti ya Machi 2023 ya Baroness Louise Casey, aliyepewa kazi ya kuchunguza mwenendo ndani ya Met, ilisema jeshi hilo lina ubaguzi wa rangi wa kitaasisi. Tume ya Macpherson ilishasema hivyohivyo Februari 1999, baada ya kuchunguza jinsi polisi walivyoboronga kesi ya mauaji ya Stephen Lawrence, kijana mweusi aliyeuawa London na vijana weupe mwaka 1993. Watu waliposoma ripoti ya Casey walishikilia vituko: askari Muislamu aliyekuta nyama ya nguruwe kwenye viatu vyake, askari wa dini ya Sikh aliyekatwa ndevu kwa sababu mwenzake aliona inachekesha. Vinaudhi, sikatai, lakini kituko kina mwenyewe. Ukimpata, unamwadhibu, unaendelea na kazi.

Kisicho na mwenyewe ni kile alichokiandika Casey miezi mitano kabla, Oktoba 2022, kwenye taarifa yake ya awali kuhusu nidhamu. Uwezekano wa askari mweusi kufunguliwa tuhuma za utovu wa nidhamu ulikuwa mkubwa kwa asilimia 81 kuliko wa mweupe. Kwa wenye asili ya Asia, asilimia 55. Kwa askari wapya ndiyo balaa kabisa. Ipo Kanuni ya 13 inayoruhusu kumwondoa askari aliye kwenye majaribio akionekana hafai. Hapo uwezekano wa mweusi kuguswa ulizidi wa mweupe kwa asilimia 126.

Sasa msidhani ni jeshi kali. Taarifa hiyohiyo ilihesabu watu 1,809 waliokuwa na kesi zaidi ya moja tangu 2013. Waliofukuzwa walikuwa 13.

Hoja yangu ni hii: tatizo halianzii kwenye jopo la nidhamu, wale wanaosikiliza kesi na kutoa uamuzi, linaanzia kwa anayeamua faili lifunguliwe. Askari kachelewa zamu, au ripoti yake ina kasoro, au kamjibu mkubwa kwa mkato. Kama ni mweupe, sajenti anamwita pembeni, wanasemezana, yanaisha. Kama ni mweusi, sajenti anaona bora aandike. Tena si lazima awe anamchukia. Uchunguzi wa Sir Bill Morris wa 2004 ulishaonyesha kwamba wasimamizi wengi wa Met hawakuwa na ujasiri wa kuwasimamia askari wasio weupe kwa mazungumzo ya kawaida, wakakimbilia utaratibu rasmi. Kwa hiyo jambo linajulikana tangu 2004, na 2022 tunalikuta palepale.

Napendekeza uamuzi wa kufungua kesi ya nidhamu utoke mikononi mwa wasimamizi wa kituo, ukae kwa watu wa nje. Mnasemaje?

MCHANGIAJI WA KWANZA

Mleta mada, takwimu zako sizipingi. Napinga dawa.

Tumeona matokeo ya kumfunga mikono bosi wa polisi. Kuanzia 2016, kesi kubwa za nidhamu Uingereza na Wales ziliongozwa na wenyeviti wanasheria kutoka nje. Wakuu wa polisi wakalalamika kwamba wanalazimika kuishi na watu wasiowataka. Casey mwenyewe alikuta kesi zinachukua kama siku 400. Kisha angalia David Carrick, askari wa silaha wa Met. Taarifa dhidi yake zilifika polisi mara kadhaa, akabaki kazini, mpaka alipokiri ubakaji wa miaka na miaka na kuhukumiwa kifungo cha maisha Februari 2023. Mei 2024 serikali ikawarudishia wakuu wa polisi uenyekiti wa majopo. Mimi naona walifanya sawa.

Na usisahau kwamba jopo lina watu watatu, wawili ni wa nje. Mkuu akitaka kumwonea mtu, hao wawili wanamshinda kwa kura. Ulinzi upo tayari. Ukiongeza watu wa nje na mlangoni, sajenti anabaki sanamu. Askari wake watamsikiliza kwa lipi?

MCHANGIAJI WA PILI

Hapo kwenye Carrick mkuu umejifunga mwenyewe. Aliyeshindwa kumwona Carrick si mwenyekiti wa jopo. Hakufikishwa kwenye jopo! Waliokuwa na taarifa ni polisi wenyewe. Ndiyo ile ya kesi ya nyani kumpelekea ngedere.

Halafu hili la majaribio tusilipite haraka, maana ndipo palipo pabaya kuliko pote. Norwell Roberts aliingia Met mwaka 1967, askari wa kwanza mweusi wa jeshi hilo katika enzi zetu. Alipopangiwa kituo cha Bow Street, sajenti wake alimwambia waziwazi kwamba atahakikisha hamalizi majaribio. Mengine aliyasimulia mwenyewe baadaye: vifungo vya sare vinang'olewa, wenzake hawamsemeshi. Alivumilia miaka 30, akastaafu 1997 akiwa na medali ya Malkia.

Wakuu wanapenda kumtaja kama mfano wa uvumilivu. Mimi najiuliza waliotishwa vilevile wakakosa roho yake wako wapi. Sajenti wa leo hatatamka yale maneno, ana fomu. Kanuni ya 13 haipiti kwenye jopo lenye watu wawili wa nje, hivyo ule ulinzi anaousifia ndugu yetu hapo juu haumfikii askari mpya hata kidogo.

MCHANGIAJI WA TATU

Mnazunguka mbuyu. Waajiriwe weusi wengi, basi! Casey alikuta Met ni weupe kwa asilimia 82, wakati sensa ya 2021 ilionyesha wakazi weupe wa London ni kama asilimia 54. Ireland Kaskazini waliweka sheria mwaka 2001: kila Mkatoliki mmoja anayeajiriwa polisi, na asiye Mkatoliki mmoja. Ilidumu hadi 2011, Wakatoliki wakapanda kutoka kama asilimia 8 hadi karibu 30. Inawezekana.

MLETA MADA

Mchangiaji wa tatu, Ireland Kaskazini walitungiwa sheria maalumu. London, kumpa mtu kazi kwa rangi yake peke yake ni kinyume cha Sheria ya Usawa ya 2010. Lakini hata ingeruhusiwa, unaingiza watu kwa mlango wa mbele huku wa nyuma uko wazi. Unaajiri mia, wasimamizi walewale wanawaandikia Kanuni ya 13, mwakani unaajiri mia wengine. Unajaza pipa lililotoboka.

Kwa mchangiaji wa kwanza: sijasema sajenti anyang'anywe amri. Apange zamu, akemee, afundishe, amnyime mtu likizo ikibidi. Nazungumzia saini moja tu, ile inayogeuza kosa kuwa faili. Na mkuu wa polisi abaki na rungu lake la kufukuza, sina ugomvi nalo. Tena faili likifunguliwa na mtu asiye na kisasi, rungu litampiga anayestahili.

Kuna jambo mmelisahau pia. Anayelalamika ndiye anayegeuziwa kibao. Gurpal Virdi, sajenti wa Met mwenye asili ya Asia, alikamatwa 1998 kwa madai kwamba alijitumia yeye na wenzake barua za kibaguzi ili apate sababu ya kulalamika. Akafukuzwa 2000. Mwaka huohuo mahakama ya kazi ikasema alibaguliwa, na baadaye akarudishwa kazini. Askari kijana akisikia hadithi hiyo kwenye chumba cha kubadilishia nguo, ataripoti nini tena?

MCHANGIAJI WA KWANZA

Kwenye Kanuni ya 13 umenipata, askari mpya hana kinga ya maana. Hilo nakubali lifanyiwe kazi, hata kwa kuwaweka watu wawili wa nje wapitie kila pendekezo la kumwondoa mtu kabla halijafika kwa mkuu.

Kwa askari waliothibitishwa bado nakataa. Met ina maaskari zaidi ya 30,000. Hao watu wako wa nje watasoma kila malalamiko ya kuchelewa zamu? Kesi tayari zinakaa zaidi ya mwaka, na katika muda wote huo anayesubiri kwa tuhuma ya uongo ni huyohuyo askari mweusi unayemtetea. Niambie kwanza makosa gani yaende nje na yapi yabaki kituoni, ndipo tuendelee.