Mjadala: Kazi ya mwanafunzi wa chuo ihesabiwe badala ya fildi?

MTOA MADA
Wakuu, salaam. Naleta hoja, mnichape kwa hoja. Mwanafunzi akipata kazi inayogusa anachosomea, hata ya jioni au wikiendi, chuo kiikague na kuihesabu badala ya fildi, yaani yale mafunzo kwa vitendo ya wiki nane.

Nasema kwa yaliyonikuta. Nikiwa mwaka wa pili, uhasibu, nilikuwa nashika daftari kwenye duka la vipuri vya pikipiki Kariakoo, saa kumi jioni hadi saa mbili, Jumamosi kutwa. Mwenye duka, tunamwita Mangi, anatoa mali kauli: fundi wa Mbagala anabeba cheni kumi na mbili, anasema "Ijumaa, Mangi", anapotea. Deni linaandikwa kwa penseli. Penseli! Likilipwa linafutwa kwa ufutio, na likifutwa kwa makosa basi limekufa. Darasani tulishafundishwa kupanga madeni kwa umri, siku 30, 60, 90. Nilikariri, nikajibu mtihani, nikasahau. Pale dukani ndipo nilipoelewa. Nilichora safu tatu kwa wino, na ile ya mwisho ikajaa majina ambayo Mangi mwenyewe alikuwa hayakumbuki. Aliutazama ukurasa ule muda mrefu, kisha akaagiza chai mbili. Ndiyo shukrani yake.

Likizo ikafika, nikaenda fildi kwenye ofisi moja kubwa tu. Nilitoa kopi, nikapandisha mafaili ghorofa ya tatu, nikatumwa vitumbua. Kwenye kitabu cha fildi kila Jumatano niliandika "usuluhisho wa benki", yaani kulinganisha vitabu na taarifa ya benki, kwa kuwa wenzangu wameandika hivyo. Msimamizi akasaini, nikapata A. Duka halikunipa hata nusu alama. Lilinipa sapu, mtihani wa kurudia, ya takwimu, maana kipindi kilikuwa saa kumi na moja jioni. Hilo nalikiri.

MWANAFUNZI WA UHANDISI, MWAKA WA TATU
Kaka, hongera, ila hiyo hoja ni ya watu wa uhasibu. Mimi natoka maabara jua limezama, ripoti naandikia kwenye vimbweta, yale mabenchi ya nje, mpaka mbu wanichoke. Kazi gani ya jioni itanifundisha mitambo? Wenzangu wanaofanya kazi wanakaanga chipsi na kuendesha boda. Bumu, ile hela ya kujikimu ya mkopo, ni elfu kumi kwa siku, kula na kulala humohumo, na likichelewa unashika lolote. Wewe ulikuwa unatafuta maarifa, wengine wanatafuta ugali. Usituweke kapu moja.

MTOA MADA
Dada, nimekusoma. Lakini na mimi nilianza kwa ugali. Sikwenda Kariakoo kutafuta maarifa, nilikwenda kwa sababu nilikuwa nadaiwa na mama ntilie. Maarifa nilikutana nayo hukohuko.

MZEE MSTAAFU
Vijana wangu, hili si jipya. Azimio la Musoma, 1974, lilitaka kijana afanye kazi kwanza ndipo aingie chuo kikuu. Mimi nilipita njia hiyo. Tulifika darasani na maswali ya kazini, mhadhiri akisema jambo unamwambia "kule kwetu haliendi hivyo". Raha sana. Ila hesabu zilikuwa zimetutoka kichwani, tukaanza moja. Kwa hiyo msidhani kazi inamfaa kila mtu kwa wakati wowote.

MHITIMU, SASA MUAJIRIWA
Mtoa mada, umesahau bodi ya mikopo. Masharti yao yanataka mwombaji asiwe na kipato cha ajira wala mkataba rasmi. Sasa chuo kikiandika kwenye karatasi kwamba fulani ana kazi Kariakoo, si umemchongea? Atakosa mkopo kwa ajili ya elfu tano za kushika daftari. Mimi nilifanya kazi miaka miwili kimyakimya, hata mwenzangu wa chumba nilimwambia nakwenda kwa shangazi. Leo nakatwa asilimia 15 ya mshahara kurudisha mkopo uleule, na silalamiki, maana bila huo nisingesoma.

MTOA MADA
Hapo umenishika. Nilikuwa nawaza barua iandikwe "mafunzo", isiandikwe "ajira". Lakini nikiandika mafunzo, mwajiri naye atapata kisingizio cha kutolipa kabisa. Tayari wapo wanaotumia watoto wa fildi kama tarishi wa bure, mimi ni shahidi. Basi nianzie huku: sharti la bodi litenganishe mwenye mshahara wa kudumu na anayeokota vijisenti vya jioni. Bila hivyo hoja yangu itawaumiza walewale niliotaka kuwatetea. Msimamo wangu kuhusu fildi haujabadilika, ile A yangu ilikuwa ya uongo.

MWANAFUNZI WA UHANDISI, MWAKA WA TATU
Swali dogo, kaka. Umesema chuo kikague kazi. Huyo Mangi wako angemfungulia mhadhiri daftari la penseli?

MTOA MADA
Mangi? Thubutu. Angemwambia nimeshaacha kazi.