Walimu tuchange kulipia modeli kubwa ya AI (akili bandia) au tubaki na ya bure? Huku Uyole tumegawanyika

Mleta mada, Uyole:

Wadau habari za usiku. Ofisini kwetu walimu tumegawanyika, wenzangu wanataka tuchange elfu tano tano tulipie akaunti moja ya ChatGPT, ile ya dola 20 kwa mwezi, ambayo kwa hela yetu ni kama elfu hamsini hivi kutegemea dola imeamkaje, halafu wote tuingie kwa paswedi moja tuwe tunaandaa maazimio ya kazi na maandalio ya somo humo. Hoja yao kubwa eti ya bure inadanganya, ya kulipia haidanganyi. Mimi napinga, na naomba nipingwe kwa hoja, sio mtu ananinung'unikia pembeni saa ya chai.

Hiyo ya kwamba ya kulipia haidanganyi futeni kabisa. Zote zinatunga, kubwa kwa ndogo, maana zote kazi yao ni kukisia neno gani lifuate, kubwa inakisia vizuri zaidi basi. Kuna wale mawakili wa New York mwaka 2023 walipeleka mahakamani kesi zilizotungwa na ChatGPT, jina la kesi la kutunga, nukuu za kutunga, jaji akawalima faini ya dola 5,000. Kilichowaponza ni kutokwenda kuzitafuta hizo kesi kabla ya kusaini, vesheni ungewabadilishia yangewakuta yaleyale.

Halafu kinachotutesa sisi zaidi ni umri wa habari zake. Mtaala mpya umeanza 2024 baada ya Sera ya Elimu toleo la 2023, lakini hizi modeli zimelishwa maandishi ya miaka na miaka ya mtaala ule wa zamani, kwa hiyo ukiiambia nitengenezee andalio la somo la darasa la tatu inakuletea muundo wa zamani na mada ambazo hazipo tena, na inaongea kwa kujiamini utadhani ni mkaguzi. Hapo hata ulipe laki mbili. Dawa yake ni kuipa muhtasari wenyewe, piga picha yenye mwanga wa kutosha ya ukurasa wa muhtasari wa TET (Taasisi ya Elimu Tanzania) au bandika maandishi yake, iambie tumia haya tu, usiongeze mada, pasipoeleweka niulize. Ya bure ukiilisha hivyo inaipita ya kulipia iliyoulizwa kavukavu.

Na hiyo paswedi moja watu kumi! Kwanza masharti ya kampuni yenyewe yanakataza kugawana akaunti. Pili chati zote zinakaa sehemu moja, mwalimu wa hesabu anafungua anakutana na barua ya mkopo ya mwenzake. Na lazima kuna mtu atapakia majina ya wanafunzi na alama zao humo wakati tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Haya, nipigeni.

Mwenye stashenari, Mwanjelwa:

Mwalimu shikamoo. Nakuheshimu ila umeongea kama mtu ambaye kazi zake zinatoka kwa Kiingereza. Mimi hapa dukani naandika barua za kazi, katiba za vikundi, mikataba ya kukodisha shamba, vyote Kiswahili. Tatizo la hizi za bure ni kwamba zinakugeuka katikati. Unaanza na modeli nzuri, mnaenda sawa, ukifika limiti inakushusha kwenye ndogo, ujumbe wenyewe wa kukuambia umeshushwa ni kamstari kadogo ambako mtu mwenye foleni ya wateja hakaoni. Kuanzia hapo Kiswahili kinaharibika, ngeli zinagongana, "vikundi hizo", "mkataba hii", na kuna sentensi ukisoma unajua kabisa hii imetafsiriwa neno kwa neno. Ndogo zinaumia zaidi kwenye Kiswahili kwa sababu sehemu kubwa ya maandishi waliyozifundishia ni Kiingereza, Kiswahili kidogo tu, na ndogo haina nafasi ya kubeba vyote.

Kitu kingine ambacho watu hawakijui, hizi mashine hukatakata maneno vipandevipande kabla ya kusoma, na maneno ya Kiswahili kwa kawaida hukatwa vipande vingi kuliko ya Kiingereza. Barua ileile ukiiandika kwa Kiswahili inajaza kumbukumbu ya chati haraka zaidi. Kwa hiyo sisi tunaotumia Kiswahili ndio tunaohitaji kubwa kuliko hata hao wazungu. Mimi nalipia na sijutii.

Mwanafunzi, MUST (chuo cha sayansi na teknolojia Mbeya):

Wakubwa zangu mnachanganya mambo matatu. Kuna ya bure na ya kulipia, kuna ndogo na kubwa, na kuna inayojibu papo hapo na ile inayofikiri kwanza. Kwa Claude ya Anthropic kuna Haiku ndogo, Sonnet ya kati na Opus kubwa, Gemini ya Google kuna Flash ya haraka na Pro. Zile za kufikiri kwanza OpenAI, wenye ChatGPT, walianza nazo Septemba 2024 na o1, Januari 2025 Wachina wakatoa DeepSeek R1 inafikiri vilevile na ukaweza kuitumia bure, kwa hiyo habari ya bure ni ya kijinga imeshapitwa. Hesabu za nguvu na mihimili mimi natumia ya kufikiri, nasubiri dakika moja mbili sawa tu, barua ya kuomba ruhusa natumia ya haraka, ya nini kuisubirisha.

Halafu mnaotaka kulipia ili "mpate modeli fulani", mnakumbuka Agosti 2025? Ilipotoka GPT-5 OpenAI wakaondoa orodha ya zile za zamani, mfumo wenyewe ukawa unakuamulia swali lako liende wapi, watu walipiga kelele mpaka 4o, moja ya hizo za zamani, ikarudishwa kwa wanaolipia. Na mwezi Aprili mwaka huohuo waliwahi kuirudisha nyuma 4o yenyewe kwa sababu ilikuwa inamsifia mtu kila anachosema. Ndiyo yale ukiibishia inasema samahani uko sahihi, kumbe ya kwanza ndiyo ilikuwa sahihi. Usiibishie, iambie onyesha hatua moja moja, utaona yenyewe inapokwama.

Ila nusu ya malalamiko hapa mtaani hayahusu modeli hata kidogo. Mtu ana chati moja toka mwezi uliopita, humo kuna bajeti ya sendoff ya dada, kuna mtihani wa baiolojia, kuna ndoto aliyoota, halafu analalamika imeanza kusahau. Lazima isahau, kuna kiasi inachoweza kushika kwa wakati mmoja. Fungua chati mpya, kila kazi na chati yake, na kama ni kazi ndefu iambie ifupishe mliyokubaliana uyabebe kwenye mpya. Ikikata jibu katikati angalia mtandao kwanza, mvua ikikaza huku kwetu unajua wenyewe, kisha iambie endelea ulipoishia. Ikigoma kufungua zima VPN ujaribu tena, toka uingie upya, jaribu kwa kivinjari badala ya programu. Na hiyo programu hakikisha ni ya kampuni yenyewe, zipo za kuiga zina nembo inayofanana zinakukata hela kila wiki.

Mkulima wa viazi, Makambako:

Kamwene. Nimesoma wote. Mimi niliuliza kipimo cha dawa ya ukungu kwa pampu ya lita 16, nikauliza mbili tofauti, ya bure na ya kulipia kwa simu ya kijana wangu, namba hazifanani na zote zinajiamini. Nikaenda duka la pembejeo nikasoma kibandiko cha kopo, nikamaliza. Mambo ya dawa na mbegu waulizeni mabwana shamba na watafiti wa kilimo wa TARI Uyole hapo jirani yenu, hiyo mashine haijui shamba langu liko bondeni au mlimani na hata ukiiambia haijawahi kukanyaga. Kunieleza maneno ya kibandiko kilichoandikwa Kiingereza, hapo sawa, ya bure inatosha.

Mleta mada, Uyole:

Marahaba, na asanteni. Ya paswedi moja naona hakuna aliyeitetea, hiyo nitaisema kesho. Ila hoja ya Mwanjelwa kuhusu Kiswahili siwezi kuiruka, nusu ya masomo yetu tunafundisha kwa Kiswahili na kweli darasani mtoto akisoma "mkataba hii" kwenye karatasi ya mwalimu ni aibu. Napendekeza hivi: ukurasa uleule wa muhtasari, maelekezo yaleyale neno kwa neno, chati mpya kabisa, tupeleke kwa ya bure kubwa, kwa ya bure ikishashushwa, na kwa ya kulipia. Tuchape bila kuandika ipi ni ipi, tuwape walimu wa Kiswahili na wa sayansi wasahihishe kwa kalamu nyekundu kama mtihani wa mwanafunzi. Ya kulipia ikipita kwa alama nyingi, kila anayetaka alipe yake mwenyewe na mimi sitasema neno. Alama zikikaribiana, hela ya mchango tununue bando la ofisi.

Mwenye stashenari, Mwanjelwa:

Hiyo ya kulipia tumia yangu, njoo nayo muhtasari tukae wote, ila paswedi sikupi haha. Kuchapa nitawafanyia mia kwa ukurasa. Na hiyo kazi ya walimu wa Kiswahili naomba mmoja atoke nje ya shule yenu, wa kwenu wanajua unapinga.

Mleta mada, Uyole:

Sawa. Jumamosi saa nne nipo hapo. Nani anamjua mwalimu wa Kiswahili Tukuyu au Mbalizi mwenye roho mbaya ya kusahihisha?