Kantangaze, utitiri na inzi weupe kwa pamoja kwenye kitalu nyumba cha mita 6 kwa 12

Mkulima_Usa

Wakuu, salaam. Naomba msaada wa nyanya, hali inazidi kuharibika.

Kitalu nyumba kipo Usa River, mita 6 kwa 12, juu nailoni, pembeni neti, mlango mmoja tu. Ndani kuna miche kama 170 ya nyanya ndefu kwenye matuta manne, umwagiliaji wa matone. Ni wiki ya tisa tangu kuhamishia, na vishada vya chini vina matunda ya ukubwa wa ndimu.

Dalili ziko tatu. Majani ya katikati yana mabaka meupe yanayopitisha mwanga, ndani kuna uchafu mweusi, na matunda machache yana tundu dogo karibu na kikonyo. Upande wa magharibi, majani ya chini yana vidoto vingi vya njano, mengine yamegeuka rangi ya shaba na yana utando mwembamba. Halafu ukitikisa mmea, wanaruka inzi weupe wadogo. Miche minne imedumaa kichwani, majani madogo yamekunjamana na kingo zake ni za njano.

Dawa iliyotumika ni lamda-sihalothrini, ml 20 kwa bomba la lita 16, kila siku ya tano, mizunguko minne. Saa nane mchana joto la ndani linafika 36. Niongeze dozi? Au kuna dawa moja inayoua wote hawa?

Nyanya_Tengeru

Mkuu, simamisha hiyo dawa leo. Usiongeze dozi hata ml moja, maana sehemu ya tatizo lako inatoka humo humo kwenye bomba.

Hayo mabaka ni ya kantangaze, Tuta absoluta, nondo mdogo ambaye kiwavi wake hula ndani ya jani. Tofauti yake na kidomozi (inzi mdogo ambaye funza wake huchimba jani) ni rahisi kuiona: kidomozi huchora mstari mwembamba unaopindapinda, kantangaze huacha baka pana lisilo na umbo. Shika jani dhidi ya mwanga, utamwona kiwavi mwenyewe akiwa katikati ya ngozi ya juu na ya chini. Hapo ndipo dawa yako ilipokwama. Lamda-sihalothrini huua kwa kugusa na haipenyi ndani ya jani, kwa hiyo kiwavi hukaa salama. Isitoshe, kantangaze amekwishajenga usugu dhidi ya dawa za kundi lake, yaani za jamii ya pareto, katika nchi nyingi.

Mdudu huyu asili yake ni Amerika ya Kusini, aliingia Hispania mwaka 2006 na kufikia 2014 alikuwa ameshatua kwetu. Jike mmoja anaweza kutaga mayai hadi 260 maishani. Kwenye joto la nyuzi 27, kutoka yai hadi nondo ni kama siku 24. Kwenye nyuzi 14 hufika siku 76. Kitalu nyumba chenye joto kinamharakishia uzazi.

Vidoto vya njano na utando ni utitiri mwekundu. Kwenye nyanya za huku mara nyingi ni Tetranychus evansi, naye pia alitoka Amerika ya Kusini. Utitiri si mdudu, ni wa ukoo wa buibui, na dawa za jamii ya pareto hazimwondoi. Zinachoua ni wale wanaomla: utitiri wawindaji, kunguni wawindaji, vibuibui. Ukishawamaliza, utitiri unabaki peke yake kwenye joto na ukavu, na kizazi kimoja hukamilika kwa wiki moja hivi. Hakikisha kwa karatasi nyeupe: gonga jani juu yake, subiri nusu dakika, ukiona vinukta vyekundu vinatembea, ndio wenyewe. Ukipata lenzi ya kukuza mara 10 ni bora zaidi, utayaona na mayai ya mviringo upande wa chini wa jani.

Miche minne iliyodumaa ina rasta, ugonjwa wa virusi unaokunja majani. Virusi hivyo hubebwa na inzi mweupe aina ya Bemisia tabaci. Dalili hujitokeza wiki mbili hadi tatu baada ya mmea kuambukizwa, kwa hiyo waliobeba virusi walishaingia muda tu. Hakuna dawa ya rasta. Hiyo miche ing'olewe, na namna ya kuing'oa ina maana: asubuhi na mapema inzi wakiwa bado wamezubaa kwa baridi, funika mmea mzima kwa mfuko wa plastiki kuanzia juu, funga chini, kata kamba, ndipo ung'oe. Ukiung'oa wazi wazi unawatawanya inzi kwenye majirani zake.

Mama_Bustani

Naunga mkono yote. Niongeze la mikono, kwa sababu kabla ya dawa yoyote kuna kazi ya nusu siku ambayo watu wanairuka.

Anza upande msafi, malizia upande wa magharibi wenye utitiri, usirudi nyuma kwa nguo zilezile. Utitiri unasafiri kwenye mikono, mikasi na mashati. Chuma kila jani lenye baka la kantangaze na kila tunda lenye tundu, tia ndani ya mfuko mweusi papo hapo, usidondoshe hata moja chini. Majani ya rangi ya shaba yenye utando nayo yatoke. Usiuache mmea uchi: toa majani mawili matatu tu kwa mmea kwa mara moja, yanayobaki rudia baada ya siku chache, ukianza na yenye viwavi hai. Mfuko ufungwe vizuri ukae juani siku kadhaa hadi kila kilichomo kife. Usiyapeleke kwenye mboji; kiwavi atamalizia kukua humo na kurudi akiwa nondo.

Machipukizi ya pembeni yatoe kila wiki. Kantangaze hupenda kutaga kwenye majani machanga, na msitu wa machipukizi huzuia dawa kufika ndani.

Sasa toka nje uangalie mita chache kuzunguka kitalu. Kuna mnavu? Ndulele? Bilinganya, nyanya chungu, viazi mviringo? Mnavu ni mboga nzuri, lakini kantangaze anaishi humo na utitiri huu mwekundu pia. Tuta la mnavu kando ya mlango linalisha kitalu chako wadudu mwaka mzima. Hamishia mbali, ndulele ing'oe kabisa.

MajiMatone

Kuhusu dawa moja ya kuua wote, mkuu, haipo. Ila kuna zinazogusa wawili kwa mpigo, na hapo ndipo pa kuanzia.

Abamektini (kundi la 6; namba ya kundi huonyesha namna dawa inavyoua) hupenya ngozi ya jani, inampata kiwavi mchanga wa kantangaze pamoja na utitiri. Haiui mayai ya utitiri ipasavyo, ndiyo maana inarudiwa baada ya siku 5 hadi 7, mayai yakishaanguliwa. Mara mbili, basi. Katikati ya hizo pulizia Bt, dawa ya bakteria Bacillus thuringiensis (kundi la 11), jioni, inaua viwavi wadogo wakiila na haiwadhuru wawindaji. Bt huharibiwa na jua, ukipuliza saa nne asubuhi umemwaga hela.

Kwa inzi weupe, spiromesifeni (kundi la 23) huua watoto wao waliobandika chini ya majani, na inagusa utitiri pia. Inzi wakubwa haiwamalizi haraka, hao wanashughulikiwa na mitego ya njano.

Namba za makundi zimeandikwa kwenye lebo. Zisome hizo, si jina la biashara, kwa sababu madukani kuna majina kumi ya abamektini ileile na mtu anadhani anabadilisha dawa. Kundi moja litumike ndani ya kipindi cha kizazi kimoja cha kantangaze, karibu siku 30, kisha hamia jingine: spinosadi (kundi la 5) au klorantraniliproli (kundi la 28). Usirudi kwenye la kwanza kabla vizazi vimebadilika.

Dozi ni ya lebo. Kiasi cha maji ndicho wengi wanakosea. Eneo lako ni mita za mraba 72. Nyanya ndefu zilizojaa majani zinataka kati ya lita 7 na 11 kwa eneo hilo. Nozeli iwe ya kutoa ukungu wa mduara, uielekeze juu ukitokea chini ya majani. Utitiri, mayai ya inzi weupe na watoto wao wote wako upande wa chini. Ukipuliza kwa juu unaosha vumbi tu.

Ndani ya kitalu nyumba mvuke wa dawa haupeperuki kama shambani. Vaa barakoa yenye kichujio cha kemikali, miwani, glavu na mikono mirefu. Anzia mwisho wa kitalu, tembea kinyumenyume kuelekea mlangoni ili usipite kwenye majani mabichi ya dawa. Usiingie tena hadi muda wa lebo uishe. Na hakikisha lebo ina namba ya usajili ya TPHPA (mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu Tanzania) na inataja nyanya; siku za kusubiri kabla ya kuvuna zinatofautiana kati ya dawa na dawa.

Mkulima_Usa

Asanteni sana wakuu. Nimeelewa mpangilio. Nina maswali matatu: mwarobaini unafaa hapa au niuache? Mtego wa harufu wa kantangaze niweke mingapi? Na neti yangu, nitajuaje kama ndiyo inayopitisha?

Mama_Bustani

Mwarobaini unafaa, ila kama wa kuzuia. Kwa mashambulizi yaliyokwishafika hapo utausubiri sana. Gramu 50 za kiini cha mbegu kavu zilizotwangwa kwa lita moja ya maji, loweka usiku mzima, chuja kwa kitambaa kisizibe nozeli, tumia jioni hiyohiyo. Kwa bomba la lita 16 ni gramu 800. Jua huvunja ukali wake, hivyo rudia kila siku 5 hadi 7. Jaribu kwanza kwenye mimea miwili, subiri siku mbili, ukiona kingo zimeungua punguza. Sabuni ya unga ya kufulia usiichanganye kabisa, inaunguza majani.

Mtu akikushauri kiberiti cha unga (salfa): ni kizuri kwa ubwiri unga na kwa utitiri mdogo usioonekana unaopandisha rangi ya shaba kutoka kwenye shina. Wako una utando, ni mwingine. Na kwa joto la 36 kiberiti kitaunguza mimea. Pia kisikaribiane na dawa yoyote ya mafuta ndani ya wiki mbili.

Nyanya_Tengeru

Mtego wa harufu: mmoja unatosha kwa mita za mraba 72. Huo ni wa kupima, si wa kumaliza. Unavuta madume peke yake, na dume mmoja hupanda majike wengi, kwa hiyo hata ukikamata madume mengi mayai yanaendelea kutagwa. Beseni la maji chini, tone la sabuni ili nondo wazame, kivutio chenye harufu ya jike kining'inie juu ya maji kidogo. Kibadilishe kila wiki 4 hadi 6. Usikiweke karibu na mlango wala neti, utawaita madume wa jirani. Hesabu asubuhi, siku ileile kila wiki, na uandike; namba ikipanda ghafla, viwavi wachanga watafuata ndani ya wiki moja, hapo Bt ndiyo inafanya kazi vizuri kuliko wakati wowote.

Mitego ya njano weka mmoja kwa kila mita 10 za mraba, usawa wa vichwa vya mimea, uwe unaipandisha nyanya zinavyorefuka. Kwa vithiripi ni ya bluu, lakini hujavitaja.

MajiMatone

Neti. Kantangaze anazuiwa na neti ya kawaida ya wadudu, inzi mweupe anataka neti ya meshi 50, ambayo matundu yake hayazidi robo ya milimita na kidogo. Neti ya kivuli haizuii chochote kati ya hivi. Funga mlango mchana, simama ndani kwenye giza la kona, tafuta miale ya jua: kwenye mishono, palipopigwa misumari, na chini neti inapokutana na udongo. Chini ifukiwe sm 20 hadi 30.

Ila hata neti iwe nzuri vipi, mlango mmoja unaifuta kazi yake yote. Jenga kibaraza cha neti mbele, milango miwili ikiachana angalau mita moja na nusu, ili wa kwanza ufungwe kabla wa pili haujafunguliwa. Ndani ya kibaraza ning'iniza mtego wa njano na koti la kazi lisilotoka nje. Nguo ya njano usiingie nayo, inzi weupe wataifuata hadi ndani.

Neti nzito hupunguza hewa, na wewe tayari upo kwenye 36. Juu ya 32 chavua ya nyanya hudhoofika na maua hupukutika, halafu utalaumu wadudu. Ongeza eneo la neti pembeni na juu kwenye paa, weka neti ya kivuli ya asilimia 30 kuanzia saa tano hadi saa tisa, mwagia maji njia za kupita saa sita. Majani usiyaloweshe jioni, utaepuka utitiri upate bakajani. Kila siku saa nne asubuhi tikisa kamba za mimea, kwa sababu upepo hauingii wa kutosha kuchavusha.

Msimu ukiisha, usipande nyanya mara moja. Pupa wengi wa kantangaze wako kwenye udongo. Toa masalia yote, lowesha matuta, tandika nailoni inayopitisha mwanga, funga kitalu wiki 4 hadi 6 za jua kali. Nondo watakaotoka hawatakuta jani, na minyoo ya mizizi nayo hupungua. Baada ya hapo panda mchicha, maharage au tango mzunguko mmoja. Inzi weupe na utitiri bado wanaweza kulila tango, kwa hiyo mitego ya njano ibaki palepale.