Nilipotea kwenye msitu mdogo wa hifadhi, sasa nataka kurudi huko na mtoto. Ushauri wakuu

Mguu_Mwepesi: Wakuu, habari zenu. Juzi nimeingia kwenye hifadhi ya msitu ya jirani, kijia cha mzunguko, bango la getini linasema kilomita 6. Nikapiga hesabu za barabarani: saa moja na nusu nimemaliza. Katikati nikakuta tope, nikalikwepa kwa kupita vichakani, na niliporudi njiani kumbe nimeingia kijia kingine. Zaidi ya saa tatu nazunguka, giza linaingia, simu imebaki asilimia 9. Nimetokea getini kwa bahati tu. Sasa binti yangu wa miaka 7 anataka twende wote. Nilikosea wapi? Kucheka ruksa.

Kobe_Mzee: Mkuu, kosa ni lile tope. Tope hupitwa katikati, viatu vitaoshwa. Ukilizunguka unapoteza njia, halafu unaipanua: wa kesho atapita pembeni ya ulipopita wewe, na mimea inazidi kukanyagwa. La pili ni alama. Hifadhi nyingi hupaka rangi kwenye miti au vigingi, kila mzunguko na rangi yake. Ukitembea kitambo hujaiona, simama, rudi hadi ile ya mwisho uliyoiona. Usisonge mbele kwa matumaini. Na kila njia panda geuka utazame ulikotoka, kwa sababu njia ya kurudi haifanani kabisa na ya kwenda.

Hesabu_Kali: 😂 Saa moja na nusu na mtoto? Thubutu! Mskoti mmoja, William Naismith, aliweka kanuni mwaka 1892: takriban kilomita 5 kwa saa, kisha ongeza saa moja kwa kila mita 600 unazopanda. Hiyo ni ya mtu mzima mkakamavu asiyesimama. Mtoto wa miaka 7 husimama kwa kila jongoo. Anzeni na kijia cha kilomita 2, tena asubuhi, kwani chini ya miti giza huwahi kuliko nje.

Mama_Pacha: Mpe mtoto filimbi shingoni. Sheria moja tu: asipotuona, anakaa chini ya mti ulio karibu, hahami, anapuliza mara tatu, anapumzika, anarudia. Mtoto anayetembea kututafuta ndiye anayekuwa mgumu kupatikana. Na mkirudi nyumbani mkagueni kupe: nyuma ya masikio, kwapani, nyuma ya magoti.

Chuma_Chakavu: Kupe mchome na kiberiti, anaachia mwenyewe.

Mama_Pacha: Hapana kaka, tafadhali. Utamuunguza mtoto, na kupe akisumbuliwa anaweza kutema uchafu ndani ya jeraha. Kibano chembamba, mshike karibu kabisa na ngozi, vuta moja kwa moja bila kusokota, kisha osha. Akipata homa au upele siku zinazofuata, nenda hospitali na useme aliumwa na kupe.

Mguu_Mwepesi: Nimewasoma wote, asanteni. Na simu je? Kule mtandao hamna.

Kobe_Mzee: Pakua ramani ukiwa nyumbani, kisha weka hali ya ndege. Simu ikihangaika kutafuta mtandao ndiyo inamaliza chaji. Mahali ulipo itaendelea kuonyesha, maana hilo linatoka kwenye setilaiti. Ila piga picha ramani ya getini pia, mimi ndiyo imeniokoa mara nyingi.

Mguu_Mwepesi: Sawa mzee wangu. Filimbi nimeshanunua jana. Nyumba nzima tunajuta.