Mayoneze nimeacha, sasa nyumbani hakuna anayekula saladi. Nisaidieni

MamaFuraha_Nguba

Wandugu hamjambo. Niko Bukavu, nyumbani tuko watu saba, na saladi kwetu si kitu cha sikukuu. Kila mchana iko mezani pembeni ya bugali: shu (kabichi), karoti, nyanya, kitunguu, mara moja moja betirave (bitiruti) au tango. Miaka yote nilikuwa nachanganya na mayoneze ya bokali, vijiko vitano vya supu hivi, natia chumvi na nusu ya ile kibe ya kuongeza ladha, basi. Bakuli linarudi tupu.

Mwezi uliopita mume wangu alipimwa tensio (shinikizo la damu), ikakutwa juu. Akaambiwa apunguze chumvi na mafuta. Nikasema haya, mayoneze kwaheri. Siku ya kwanza nikaweka ndimu tupu. Siku ya pili vinegre (siki) na maji, maana jirani aliniapia kwamba ndivyo wanavyofanya watu wanaojali afya. Mtoto wangu wa kati akaonja, akafunga jicho moja, akaniuliza: "Mama, hii si ile ya kusafishia madirisha?"

Tangu siku hiyo shu inabaki. Jioni nawapelekea simbiliki, wale wanyama wadogo tunaofuga. Wao wamenawiri kweli, sisi tuko pale pale.

Natafuta sosi yenye ladha, isiyo na mafuta mengi, ya vitu vya soko la Kadutu au Nyawera, si vya alimantasio kubwa. Na isitegemee friji, umeme wetu mnaujua. Aksanti.

PapaJojo

Dada, simbiliki wamekujibu tayari. Hayo majani ni yao. Mpe mzee sambaza (samaki wadogo wa ziwa) na sombe (majani ya muhogo), tensio itashuka kwa furaha.

Yaya_Sifa_Himbi

Papa Jojo, acha mchezo, mtu ana mgonjwa nyumbani.

Mama Furaha, pole. Mimi niko Goma, nimepika miaka sita kwenye mgahawa mdogo, na kosa lako nalifahamu kwa sababu nililifanya mimi mwenyewe. Ndimu haina hatia. Uliimwaga kwenye shu yenye maji. Jani lililotoka kuoshwa sasa hivi ukilimwagia chochote, kinateleza hadi chini ya bakuli. Wanaopakua kwanza wanakula majani matupu, wa mwisho anakunywa dimbwi la vinegre. Mtoto wako bila shaka ndiye alipakua mwisho.

Kata shu nyembamba kama uzi. Iweke kwenye kichujio, imwagie maji yanayochemka, hesabu polepole hadi thelathini, halafu ipooze kwa maji safi ya kunywa. Sasa ndipo watu wanapokosa subira: ifunge ndani ya kitambaa safi uikamue kama unavyokamua nguo. Maji ya kijani yatatoka hadi ushangae. Shu iliyokamuliwa inakunywa sosi yenyewe, kwa hiyo unahitaji kidogo tu. Nyanya nazo zitoe mbegu, au ziweke dakika ya mwisho kabisa.

Sosi nafanya kwenye bokali tupu ya konfitiri. Kwa watu saba: vijiko viwili vya supu vya mafuta ya alizeti, viwili vya ndimu, kimoja cha maji, nusu kijiko cha chai cha mutarde (haradali), punje moja ya kitunguu saumu iliyopondwa, na asali ya kushika ncha ya kijiko tu. Funga, tikisa kwa nguvu mpaka iwe nzito na rangi ifanane na maziwa yenye manjano. Mutarde ndiyo inashikanisha mafuta na ndimu. Bila hiyo vinaachana kabla hujafika mezani. Bokali ndogo ya mutarde inakaa miezi.

Vinegrete ya Wafaransa inataka mafuta mara tatu ya vinegre. Mimi naweka sawa kwa sawa. Asali inapunguza ukali, na kitunguu saumu kinaziba pengo la mafuta.

Mwana_Lushi

Huku Lubumbashi dawa ni karanga. Kaanga kavu, saga, ongeza maji ya moto, ndimu na pili-pili. Mayoneze utaisahau. Na ni nyepesi kabisa kwa sababu huongezi hata tone la mafuta.

Muuguzi_wa_Zamu

Kaka wa Lushi, tamu ni tamu, lakini nyepesi hapana. Karibu nusu ya uzito wa karanga ni mafuta. Hujaongeza tone kwa sababu yamo tayari! Ni mafuta mazuri kuliko mengi, sikatazi, ila kijiko kimoja au viwili kwa bakuli zima, si kikombe.

Mama Furaha, ngoja nikuambie kitu ambacho hukuuliza. Tupige hesabu. Kijiko cha supu cha mayoneze kina kalori 90 hadi 100, hivyo vitano vyako ni kama 450 hadi 500, kugawa kwa saba inakuja 65 au 70 kwa mtu. Vijiko viwili vya mafuta vya yaya Sifa ni kama 240, yaani karibu 35 kwa mtu. Umepunguza nusu, ni vizuri. Lakini kwa mtu wa tensio, mimi ningeanza na chumvi na ile kibe. Kibe ni chumvi kwa sehemu kubwa, na najua haiko kwenye saladi peke yake: iko kwenye sombe, iko kwenye maharagi, iko kwenye supu ya samaki. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku, vyakula vyote pamoja. Hiyo ni chini ya kijiko kimoja cha chai. Wengi wetu tunaimaliza kabla ya jioni.

Kwa hiyo ukitoa mayoneze na kuacha kibe, umefukuza mdogo ukamwacha mkubwa sebuleni.

Na usitoe mafuta yote. Ile rangi ya karoti inayogeuka vitamini A mwilini inahitaji mafuta kidogo ili ipokelewe. Saladi ya karoti kwa ndimu tupu ni hasara ya karoti.

La mwisho, halafu nanyamaza: huku kando ya ziwa kolera (kipindupindu) tunaijua. Mboga za kula mbichi zioshwe kwa maji yaliyotiwa klorini au yaliyochemshwa. Kuna watu wanaamini vinegre inaua kila kitu. Haichukui nafasi ya klorini.

MamaFuraha_Nguba

Muuguzi, umenikamata. Kibe naweka kila sufuria, hata kwenye wali. Sikuwahi kufikiri.

Mafuta ya mawese je? Ninayo mengi, shemeji ametuletea bidoni nzima.

Yaya_Sifa_Himbi

Mawese kwenye sombe, sawa. Kwenye saladi baridi, hapana dada. Bukavu iko juu, karibu mita 1,500, asubuhi mawese yanaganda kwenye bidoni yenyewe. Yakigusa shu baridi utakuwa unatafuna mshumaa wa rangi ya chungwa.

Chantou_Bagira

Jamani mbona hakuna aliyetaja maracuja (pasheni)? Tuko Bukavu, maracuja yamejaa, sisi tunakunywa juisi tu!

Chukua mawili yaliyokunjamana ngozi, hayo ndiyo yameiva. Yale laini yanayong'aa yaache, yatakuchachia mdomo bure. Kamua kwenye kichujio, mbegu zibaki, ingawa mimi naziacha chache kwa sababu zinapasuka kwenye meno. Hiyo juisi iingie mahali pa vinegre yote. Ongeza kijiko kimoja cha mafuta, kitunguu chekundu kilichokatwa kidogo kidogo kikae ndani ya juisi dakika kumi, pili-pili ya kunusisha tu. Mimina juu ya karoti iliyokwaruzwa na betirave iliyochemshwa. Chumvi hata huikumbuki, kwa sababu ulimi umeshughulishwa na uchachu, utamu na harufu kwa pamoja. Mama mkwe wangu, mwanamke asiyesifu kitu, aliomba nyongeza. Sikuonyesha meno, lakini nilifurahi siku tatu.

Neema_wa_Masisi

Na mashanza mumeyasahau. Maziwa ya mgando, yale mazito, si ya kuongezwa maji. Yaweke kwenye kitambaa yaning'inie saa moja, maji yatoke. Kilichobaki ndicho mayoneze yako mpya: mweupe, mzito, unashika kijiko. Kwaruza tango humo, likamue kwanza, ponda kitunguu saumu, ndimu kidogo, majani ya seleri yaliyokatwa. Hakuna haja ya mafuta. Kwa wanaolilia mayoneze hii ndiyo inawadanganya vizuri zaidi, maana wanachokosa si ladha, wanakosa ule ulaini.

Bila friji tengeneza ya mlo mmoja tu. Ikibaki, usiiweke hadi kesho.

PapaJojo

Na avoka? Mke wangu anaponda avoka anaita sosi. Naona kama mafuta matupu.

Muuguzi_wa_Zamu

Papa Jojo, kumbe unasoma! Avoka ina mafuta, lakini kwa gramu 100 ni kama 15, wakati mayoneze ya kawaida yanafika 70 na kuendelea. Nusu avoka, ndimu, maji vijiko vitatu, pili-pili, inatosha bakuli. Aiponde wakati wa kula, ikikaa inageuka nyeusi. Mke wako yuko sawa, mwambie nimesema.

PapaJojo

Hilo la mwisho sitamwambia.

MamaFuraha_Nguba

Wandugu, narudi na ripoti, wiki mbili zimepita.

Shu ya kukamua: ni kweli kabisa. Nilikamua kwenye kitambaa cha mtoto, nikapata karibu kikombe cha maji. Miaka yote hiyo tulikuwa tunakula maji yenye mayoneze. Sosi ya bokali ya yaya Sifa ndiyo ya kila siku sasa, na kijana wangu mkubwa amejiteua mtikisaji. Mara ya kwanza hakufunga vizuri, ukuta wa jikoni ulikula saladi kabla yetu.

Mashanza walipenda wote isipokuwa mume wangu. Anasema maziwa ni ya kunywa, hayapandi juu ya mboga. Sikubishana naye. Ya karanga nilifanya Jumapili, vijiko viwili kama muuguzi alivyoagiza, nikapika na lengalenga pembeni, safi.

Ya maracuja nilikosea kwanza, nilichukua yale yanayong'aa. Chantou, ulinionya, nikapuuza, nikalipa. Mara ya pili nikachagua yaliyokunjamana hadi muuzaji wa Nyawera akanicheka, akasema mama anachukua mabaya ananiachia mazuri. Yule wa madirisha alikula, akanyamaza, akavuta bakuli kwake akaingiza kichwa kabisa. Aliponyanyuka alikuwa na mbegu nyeusi kwenye pua.

Kibe nimetoa kwenye saladi na kwenye wali. Kwenye sombe bado napigana nayo, niko kwenye robo. Mzee atapimwa tena mwisho wa mwezi.

Swali moja dogo kwa Chantou: hizo ngozi za maracuja, simbiliki wanakula? Wamebaki na njaa huku.

Chantou_Bagira

Simbiliki wa kwangu wananusa tu na kuondoka. Wape majani ya karoti, waombe na msamaha.