Kupiga picha kila siku, mnawezaje wadau?

Mvukaji:
Wakuu habari za jioni. Mwezi wa tatu nilinunua Canon ya mtumba nikajiwekea nipige picha kila siku hata moja tu, wiki ya kwanza nilienda vizuri, ya pili nikaruka siku mbili, ya tatu kamera ikaingia kabatini mpaka leo. Tatizo ni kazi, natoka Kigamboni saa 11 na nusu alfajiri niwahi pantoni, nashinda ofisini Posta, nikirudi home giza tayari na mwili umechoka. Na nikipata muda mtaani watu wakiona kamera wanakuja juu, "unatupiga picha unatupeleka wapi?" Nyie mnaopiga kila siku mnafanyaje? Naipenda sana hii kitu sitaki ife.

Dirisha la Jikoni:
Pole mdogo wangu, naenda mwaka wa pili sasa na nilianza kudumu pale nilipoacha kutafuta picha. Nina dirisha la jikoni linatazama mashariki, kila asubuhi nikisubiri chai ichemke napiga kilichopo hapo, leo birika, kesho nyanya, keshokutwa mwanangu anavaa viatu vya shule. Chai siwezi kuisahau basi na picha siisahau.

Wewe dirisha lako ni hiyo pantoni. Dar jua halibadiliki sana, mwaka mzima linachomoza kuanzia saa 12 hadi saa 12 na dakika 40 hivi asubuhi, yaani ndo muda unavuka. Ila jua letu linapanda wima kwa haraka, ule mwanga laini wa manjano haukai, ikifika saa 2 vivuli vishakuwa vikali na macho ya watu yanaingia giza. Wanaolala mpaka saa 3 wanaukosa, wewe unaupata kila siku ukiwa umesimama unasubiri tu.

Canon iache home siku za kazi, tumia simu. Futa lenzi kwanza na kitambaa, inakaa mfukoni na mafuta ya vidole halafu tunailaumu simu picha ina ukungu. Na mtu akiwa amesimama anga jeupe nyuma yake, gusa uso wake kwenye skrini kisha ongeza mwanga, la sivyo simu inafuata anga na ngozi yetu inapotea kabisa.

Vibua:
Naongezea hapo kwa tahadhari, upande wa Magogoni Ikulu iko jirani, kamera usiielekeze huko hata kwa bahati mbaya, na kwenye kivuko chenyewe uliza wahusika kwanza.

Kuhusu watu kuja juu, mi nilifukuzwa soko la samaki Feri siku ya kwanza na walikuwa na haki, nilifika nikaanza kupiga bila hata salamu. Nikarudi bila kamera, nikanunua vibua, nikakaa na wakaangaji tukapiga stori, nikafanya hivyo siku kadhaa ndo nikaomba. Halafu nikasafisha zile picha studio nikawapelekea mkononi, kuna mzee mmoja aliishika yake muda mrefu hasemi kitu, akaniambia hana picha yake nyingine ya kazini. Sasa hivi nikipita wananiita wenyewe. Mtu anataka kujua picha yake inaenda wapi, mpe jibu kabla hajauliza.

Kobe_Taratibu:
Kwa simu si hautajifunza apecha wala shata, yaani kuseti tundu la mwanga na kasi ya kufyatua? Mi naona abebe Canon tu.

Dirisha la Jikoni:
Kobe, Canon ana wikendi nzima ya kujifunzia. Marehemu Mohamed Amin, yule aliyepiga filamu ya njaa ya Ethiopia 1984, alikulia hapahapa Dar na alianza na Box Brownie akiwa shuleni, kiboksi cha kawaida tu kisicho na mambo mengi. Mwaka 1991 mlipuko Addis Ababa ukamkata mkono wa kushoto, akarudi kazini na mkono wa bandia. Jicho ndo linatakiwa lifanye kazi kila siku.

Ghala:
Mimi nasisitiza kuhifadhi jamani. Niliibiwa simu kwenye daladala ikaondoka na picha za miezi 7, na humo zilikuwemo za mwisho za babu yangu, hadi leo inaniuma. Kila Jumapili usiku chagua 7 za wiki, pandisha Google Photos, kuna GB 15 za bure ingawa zinachangia na Gmail. Picha moja kwa siku yenye MB 4 ni kama GB 1.5 kwa mwaka, zinatosha sana.

Mvukaji:
Nimerudi wakuu, leo siku ya 9 sijaruka. Nilimwomba dada mmoja anayevuka na ndoo ya vitumbua kila asubuhi, nikampiga mikono tu inafunika ndoo, mwanga unatoka pembeni baharini. Nikamrushia WhatsApp kabla hatujashuka. Leo yeye ndo kaniuliza mbona bado sijatoa simu. Jumamosi natoka na Canon, Ghala nielekeze namna ya kutoa picha kwenye memori kadi bila laptop.

Ghala:
Tafuta kadi rida ya OTG ya kuchomeka kwenye simu, hakikisha tu mdomo wake unaendana na wa chaji yako.